YAH: MALALAMIKO KUHUSU VYUNGU NA UDONGO MLIONIUZIA, NA NILIVYODHALILISHWA DUKANI KWENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mmeyabandika wenyewe pale kaunta, hivyo sitayarudia.

Vyungu vya plastiki nilivyonunua kwenu vimegandishwa sahani chini. Kijana wenu aliniapia kuwa vimetobolewa. Nyanya zilipoanza kunyauka ilhali udongo umelowa, niliibandua sahani moja kwa kisu: hakuna tundu hata moja! Mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza mkononi, inanuka kama mtaro. Hapa Dodoma, mvua zikishakata tunangoja mpaka Desemba. Maji ya kumwagilia nanunua kwa ndoo, nayo ndiyo yameozesha miche yangu.

Na huo udongo wenu, mfuko umeandikwa una mboji. Mboji gani? Ni mfinyanzi mtupu, ukikauka unapasuka, na juu unatoa chumvi nyeupe. Mtu yeyote anayepanda mboga kwenye ndoo hapa mjini anajua kuchanganya samadi iliyooza na mchanga ili maji yapite. Ua wangu wote ni zege, sina pengine pa kupanda.

Nilileta chungu kimoja dukani, kina mche wa sukuma wiki uliokuwa bado mzima, nikaomba kwa upole nibadilishiwe. Kijana yule alikipokea, akakipindua mbele ya wateja, udongo na mche vikamwagika miguuni pangu. Akasema, "Mama, kama kulima kumekushinda, rudi kijijini." Watu wakacheka.

Kabla ya hapo, siku ya kununua, niliomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine ni mbovu, nikapewa kikaratasi cha kuandika kwa kalamu. Kikaratasi hicho ninacho.

Naomba mnirudishie fedha ya vyungu na ya udongo. Pia nauli ya bajaji, kwa sababu mzigo ule haubebeki kwenye daladala.

Lakini Meneja, hebu nisikilize vizuri. Mimi ni mtu mzima, kijana yule ni wa umri wa kitinda mimba wangu. Alikipindua chungu makusudi huku ananitazama usoni. Nilipoinama kuuokota ule mche, akanisukumia ufagio kwa mguu: "Fagia basi, umechafua." Msimamizi wenu alikuwa amesimama pale pale, akageukia simu yake. Kwa hiyo fedha peke yake haitoshi tena. Nataka kijana huyo aniombe radhi pale pale kaunta, wateja wakiwepo, na vyungu vya aina hiyo viondolewe rafuni.

Nawapa siku saba. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na kile kikaratasi nitakipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Chungu kimoja nimekiacha kama kilivyo, na sahani yake, kwa ajili ya atakayetaka kukikagua.

Wenu,
Mteja wa Nkuhungu, Dodoma