Kuhusu benchi la bustani yako

Nairobi, Jumapili jioni

Mpendwa Zawadi,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Sisi tu wazima. Lile benchi la uani uliloniomba nikuangalizie nimelitafuta jana kwa maseremala wa Barabara ya Ngong mpaka giza likaingia.

Kwanza, lile la picha uliyonitumia, lenye mgongo wa mawimbi, achana nalo. Ni mtindo wa Edwin Lutyens, msanifu majengo wa Uingereza, wa mwanzoni mwa karne ya 20, na ni zuri kweli. Lakini mikunjo ile inataka mbao ngumu, mvule au msaji. Nililooneshwa jana ni la saiprasi, viungo vimezibwa kwa gundi na unga wa mbao, juu vanishi inang'aa. Nikapitisha mkono chini ya kiti: randa haijafika huko kabisa! Ngoja mvua za Aprili zilinyeshee.

Vile viti vya Adirondack vya kuegemea nyuma, vilivyoanzia Westport, New York, mwaka 1903, navyo wanavitengeneza, hata vya watu wawili. Vinapendeza, ila viko chini mno. Mama na magoti yale akishakaa, kumwinua ni kazi ya vijana wawili. La kuzunguka shina la mti nalo nililipenda, lakini mti wako ni mparachichi. Msimu wa matunda utakaaje hapo?

Mimi nachagua lile la kawaida: vipande vilivyoachiana nafasi ili maji yasituame, mgongo umelala kidogo, kiti kimo cha sentimita 45 hivi. Mtarakwa ukipatikana, tuchukue huo. Si ndio nguzo za ua wa babu yako, ambazo mchwa wameshindwa nazo? Vanishi hapana. Jua likiipasua, maji hupenya chini yake yakakaa humo. Mafuta ya kitani unapaka tena mwenyewe kwa kitambaa. Na miguu isikanyage udongo, maana mbao hunyonya maji zaidi kwenye ncha. Tafuta mawe bapa manne.

Kuna fundi nilimkuta akitoboa tundu kwa patasi, akachomeka ulimi wa mbao ukaingia kwa kubanana, msumari hata mmoja hakuna. Huyo ndiye nimemtaka. Anadai nusu ya pesa kwanza, na bei bado tunavutana. Nitumie upana wa pale ukutani, useme pia kama ni la watu wawili au watatu.

Wako,
Halima