Barua kwa mwanangu aliyeko Uingereza na mizinga ya watu

Assalam aleikum mwanangu,

Voisi yako nimeiskiza, na ile video ya nyuki wanaruka mlangoni kwa mzinga nimeiona, jua limetoka na wewe wacheka ati mama tushavuka, baridi imeisha, wote wako hai. Nimefurahi sikufichi, nimemuonyesha bibi yako akakuombea dua mpaka akalia. Lakini kuna kitu hukuniambia na ndicho kinachoninyima usingizi. Umeinua mizinga? Sikuulizi kama wanaruka, hilo nimeliona. Nauliza kama umeinua ukasikia uzito wake.

Manake huko kwenu nyuki wengi hawafi njaa katikati ya baridi, wanakufa saa hii, mwisho wa mwezi wa pili na mwezi wa tatu wote, watu wakiwa washafurahi. Mwezi wa 12 wanakua wamejikusanya fundo moja, wanatetemesha misuli ya mbawa wapate joto, malkia hatagi au anataga kidogo sana, asali inakwenda polepole. Siku zikianza kurefuka malkia anaanza tena kutaga, na majana, watoto wa nyuki, wakishakuweko kwenye sega hawana mchezo, wanataka joto la nyuzi kama 35 usiku na mchana hata nje kukiwa na barafu, na joto hilo halitoki kwengine ila kwenye asali. Kwa hivo ghala linakwisha mbio wakati huohuo wewe unaona mambo yamekua mazuri, na nje hakuna ua la maana, hayo machache ya kwanza yanawapa zaidi chavua, ule unga wa maua, na wakati mwengine hata kutoka hawawezi. Na hao uliowaona wanaruka si wapya mwanangu, ni wale wazee waliozaliwa mwisho wa kiangazi. Nyuki wa kiangazi anaishi wiki kama 6, hawa wa baridi wanaweza kufika miezi 6, sasa wako mwisho mwisho na ndio hao hao wanaolea watoto. Wakikosa chakula wiki hii hakuna wa kuwapokea.

Umezoea nyuki wetu wa mikokoni, na hapo ndipo naogopa. Hawa wetu wakiona mchu, mkoko wanaoutegemea, haujatoa maua na kaskazi imekaza, wanafunga safari, kama mzinga ule wa mwisho upande wa maji, wamehama wameniachia masega matupu. Umekasirika lakini unajua wako hai mahali. Hao wa huko hawana pa kuhamia. Watakaa humo humo ndani mpaka wa mwisho, utafungua uwakute wameingiza vichwa kwenye vijumba vya sega wameganda, na pengine sega la jirani lina asali, umbali wa vidole vinne tu, lakini baridi imewafunga wasiweze kusogea. Kwa hivo hata mzinga mzito usiuamini moja kwa moja, jua fundo limekaa upande gani na asali iko upande gani.

Sasa skia. Kuinua si kufungua. Usifungue mzinga kabisa mpaka joto lifike nyuzi 14 au 15 na upepo umetulia, ukifungua kabla unawamwagia joto lao. Shika chini upande mmoja, inua kidogo tu, alafu upande wa pili, fanya kila wiki, siku moja hiyo hiyo, uandike. Mkono utazoea, ukitoka kwenye mzito kwenda kwa mwepesi utajua mwenyewe. Ukiwa mwepesi usingoje kesho wala usingoje yule mzee mwenye mizinga arudi, weka fondanti, ile sukari laini kama donge, juu ya tundu la ubao wa ndani, ule ulio chini ya paa la mzinga, pale pale juu ya vichwa vyao, waifikie bila kutembea. Shira, sukari iliyoyeyushwa, usiwape kukiwa bado na baridi, ni maji mengi, hawataliacha fundo kuichukua na itawaletea unyevu, na unyevu unawaua kuliko baridi yenyewe. Siku zikipata joto sawa, kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji. Sukari nyeupe tu. Najua wewe wapenda kubana matumizi, usinunue sukari guru ukasema ni ya asili, itawaharisha humo ndani. Na asali ya dukani usiwape hata tone, hujui imetoka kwenye mzinga gani na ugonjwa gani, ule wa kuozesha majana unakaa kwenye asali miaka na miaka.

Alafu safisha mlango, maiti zikiziba toa na waya. Hilo unajua.

Wewe una akili kuliko sisi wote nyumba hii na nasema hivo mbele ya watu, dadako anakasirika. Lakini una tabia ukiona dalili moja nzuri unafunga daftari, hata shule ilikua hivo, ukipata swali la kwanza unaona mtihani umeisha. Yule mzee kakuachia mizinga yake yeye kaenda kwa wajukuu, kijana mgeni, jina lako hata halitamki sawa, na kakuamini. Hio ni amana. Akirudi akute iko mizima, na ikiwa mmoja umekufa basi usiwe umekufa kwa njaa.

Na usiache kuinua mierebi, ile miti ya huko inayotangulia kuchanua, ikitoa maua ukasema sasa basi. Mvua ikiwafungia ndani wiki nzima na watoto washajaa kwenye masega, wanaishiwa palepale maua yakiwa mlangoni. Endelea kuinua mpaka yale mashamba ya njano, ya mbegu za mafuta, yafunguke mwezi wa nne.

Huku joto ni la kuvua ngozi, nyuki wanashinda kwenye karai la maji nyuma ya jikoni, nimeweka mawe wasizame. Nguzo za mizinga nimepaka oili chafu tena, sungusungu walianza kupanda. Maji ya mfereji hayajatoka, tunanunua mitungi. Bibi presha imeshuka kidogo lakini chumvi haachi, mpigie umwambie wewe, wewe anakuskia. Dadako anataka kubadilisha kitambaa cha harusi wakati fundi ashakata, nimemwambia amalizane na fundi mwenyewe mimi simo.

Pesa ya mwezi huu usitume. Nunua fondanti, mzee atakurudishia, na asiporudisha pia nunua. Tokeni za stima nimepata kwa asali niliyouza Marikiti na nyengine iko kwenye dumu. Nitumie picha ya daftari la uzito Ijumaa, ukishatoka msikitini.

Mamako