Kabla hujanitumia picha ya nyumba, nitumie video ya uani kwenu

Juzi saa tano usiku simu ikalia meseji, nikajua tu huyu mteja maana ndugu zangu muda huo wanatuma sauti. Kufungua, picha ya nyumba toka Pinterest, vioo toka chini mpaka juu, bati halionekani, gari jeupe mbele, na juu ya paa kuna bomba la moshi, lile la wazungu wanaowasha moto sebuleni kuota baridi. Chini kaandika: "Dada nataka kama hii, kiwanja kipo Chanika, 15 kwa 20, ramani bei gani?" Nikamuuliza, kaka na hilo bomba la moshi tunaliweka? Akajibu, "Hilo liache, linapendeza."

Chanika, hapahapa Dar kwenye joto. Bomba la moshi. Haya.

Kwa wasiotujua, sisi tuko wawili tu. Mimi nasoma usanifu majengo, niko mwaka wa nne, na mjomba wangu ni seremala ana karakana yake Keko, kule ndani kabisa ukishawapita wanaouza makochi. Mimi nachora, mjomba anachonga, na kama kazi ni nyumba basi mafundi unatafuta mwenyewe, sisi hatujengi. Wateja wengi wananiita injinia, nimekataa mpaka nimechoka, injinia anahesabu nondo na zege, mimi nahangaika na mlango ufungukie wapi na mama akikaanga samaki moshi uende upande gani.

Sasa naandika hii kwa sababu kila wiki naeleza kitu kilekile kwenye simu, bora nikupe linki usome, afu tukikutana tunaongea ya maana.

Picha sio mbaya. Picha inaniambia unapenda nini. Ila hainiambii jua la kwenu linachwea wapi, na hapo ndo joto linapoanzia, na joto ndo lalamiko namba moja la watu waliohamia nyumba mpya. Mtu kajenga miaka sita, kahamia Desemba, Januari analala sebuleni kwenye marumaru na feni juu. Dar hatuko mbali na ikweta, kwaiyo jua la saa sita liko karibu na utosi, katikati ya mwaka linaegemea kaskazini kidogo, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi linaegemea kusini, lakini muda wote huo liko juu, paa likitokeza mita moja tu ukuta unapata kivuli. Balaa ni la saa kumi jioni, lile linakuja limelala, linapita chini ya paa lolote lile, linaingia dirishani linafika mpaka kwenye shuka, na ukuta wa tofali unakaa unalinyonya halafu usiku ndo unakurudishia wewe ukiwa umelala.

Yule kaka wa Chanika barabara yake iko magharibi, na yeye nyumba anataka iangalie barabara, majirani waone. Namuelewa kabisa, mimi pia ningetaka. Kwaiyo mlango na baraza vimekaa barabarani, baraza ya mita mbili na nusu ina nguzo na itapandwa mmea wa kutambaa, halafu upande huohuo nikapanga stoo, choo na ngazi ya kwenda kwenye tenki, vitu ambavyo hata vikiwa na joto hakuna anayelala humo. Vyumba vya kulala vimehamia mashariki na kusini. Vioo vya toka chini mpaka juu tumebaki navyo kimoja, kinaangalia kaskazini. Alinuna kama siku mbili.

Na upepo nao una ratiba, mabaharia wameijua zamani kabla hata hatujaanza kuchora: kaskazi Desemba mpaka Machi inatoka kaskazini mashariki, kusi inashika kuanzia Aprili hivi. Upepo hauingii chumbani kama hauna pa kutokea. Dirisha moja kubwa ni sawa na chupa, jaribu kupuliza kwenye chupa uone. Na hayo ya aluminiam ya kuslaidi ambayo kila mtu anayataka, vioo viwili, hebu lifungue lote... huwezi, nusu siku zote imezibwa na kioo kingine. Umelipia dirisha la mita mbili unapata upepo wa mita moja, bado hujaweka wavu wa mbu. Yale ya mbao ya bibi zetu yalikuwa yanafunguka lote. Sisemi rudi kwenye mbao, ila yapo ya aluminiam ya bawaba yanayofunguka kama mlango, muulize fundi wako. Mimi nikiwa mdogo mama alikuwa ananipeleka soko la Kariakoo, lile jengo alilobuni Beda Amuli likafunguliwa 1975, mama anachagua nyanya mimi natazama juu ile miavuli ya zege, watu wamejaa, makelele, na bado hewa ipo. Sikujua kama hiyo ni kazi ya mtu. Nilidhani soko ndo linakuwaga hivyo.

Paa la kuficha bati. Hili sitaki ugomvi na mtu, linapendeza, na mimi nachora. Lakini elewa unachonunua. Bati lipo, limeinamishwa kidogo tu nyuma ya ukuta, na maji yote badala ya kudondoka nje yanaenda kwenye mfereji ulio JUU YA NYUMBA YAKO. Masika inafika, majani ya mwembe yanaziba tundu la kutolea maji, mfereji unajaa, na maji yakikosa njia yanaingia kwenye dari, jipsamu inavimba, wiki ijayo iko kwenye kochi. Kwaiyo kwangu ukitaka la kuficha, mfereji uwe mpana mtu aweze kuingiza mguu akafagie, matundu ya kutolea maji yasipungue mawili, na juu kidogo ya hayo kuwe na tundu la dharura linalotokea nje ukutani, ukiona maji yanatiririka hapo ujue chini kumeziba, panda kabla mambo hayajaharibika. Tundu la dharura mafundi wengi wanaliziba kwa plasta, wanasema linaharibu ukuta. Simamia siku hiyo, usitume mtu.

Kingine, vipimo. Mtu ananiambia vyumba vitatu vya 3 kwa 3 vinatosha. Sawa, twende na chumba hicho. Fundi wengi hiyo mita tatu wanaipima katikati ya ukuta mpaka katikati ya ukuta, tofali la inchi sita linakula sentimita 15, plasta pande mbili inakula kama tatu, umebaki na mita 2.82. Weka kitanda cha sita kwa sita, hicho ni mita 1.83. Weka kabati, sentimita 60. Toa. Umebaki na sentimita 39 za kupita, hapo unapita ubavu ubavu kama kwenye daladala, na mlango ukifunguka ndani unagonga kitanda. Ndo maana nauliza maswali yanayoonekana ya umbea, kitanda chenu ni cha ngapi, nguo mnaweka wapi, mtoto analala na nani. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu unataka kunichorea nyumba au kuniposa?"

Haya, uani sasa.

Mwaka wa kwanza kazi ya kwanza ya nyumba tuliyopewa chuoni ilikuwa nyumba ya familia ya watu saba kipato cha kawaida. Nikachora weeee, modeli nimekata kwa kadibodi nyeupe usiku kucha, nyuma ya nyumba nimeweka bustani ina nyasi na kibwawa. Siku ya kuwasilisha mwalimu akaizunguka ile modeli, akainama, akauliza kitu kimoja: "Huyu mama anakaangia wapi samaki?" Nikasema jikoni. "Jiko lako lina dirisha moja na limepakana na sebule. Papa je?" Darasa zima likacheka. Alama sitazitaja.

Na mimi nimekulia kwa bibi Temeke, nyumba ya Kiswahili ileile unayoijua, korido katikati, vyumba huku na huku, mbele baraza, nyuma uani. Uani ndo kulikuwa na maisha yote: jiko la mkaa, kichanja cha vyombo, kamba za nguo, ndoo zimepangwa foleni, wapangaji wanasukana, bibi anachambua mchele huku anasikiliza kila kinachosemwa. Vyumbani tulikuwa tunaenda kulala tu. Halafu mimi nikaenda chuo nikaufuta, nikaweka kibwawa!

Ndo maana siku hizi kabla ya picha naomba video ya uani unakoishi sasa hivi. Dakika mbili zinatosha, usipange vitu, usifagie. Nikiona kichanja kimeegeshwa kwenye ukuta wa choo najua hamna pa kuanika vyombo. Nikiona jiko la mkaa limewekwa mlangoni najua gesi ipo ila maharage bado yanachemkia nje, na kila nyumba niliyoenda ni hivyo hivyo, hata wenye jiko la plati sita. Basi tunachora jiko la nje lenye paa kuanzia mwanzo, sio unaongeza kibanda cha mabati baadae ukiwa umeshamaliza hela.

Hizi video ndo zimetuzalia upande wa vyombo pia, maana mjomba alikuwa anatengeneza vitanda na milango tu. Chombo kilichotutesa kuliko vyote ni mbuzi ya nazi. Bibi yangu magoti yamekataa, kukaa chini kwenye kibao cha mbuzi hawezi tena, kile ni shibri moja tu kutoka chini, kushuka sawa, kuinuka mpaka umshike mikono. Za kwenye paketi anasema zina ladha ya karatasi. Nikasema rahisi, tunarefusha miguu, nikachora cha sentimita 40, mjomba akachonga siku moja.

Akakaa. Akaanza kukuna. Nazi iliyokunwa ikaruka chumba kizima, maana sinia liko chini kabisa na jino liko juu, kuku ndo walifurahi. Tukainua sinia kwa stuli. Akakandamiza nazi, kiti kikainama mbele naye anaenda nacho, mjomba akamdaka. Hapo ndo nikaelewa kwanini vile vya zamani viko chini vile, jino limetokeza mbele ya miguu, ukiwa chini magoti yako ndo yanashikilia, ukikiinua hakuna kinachoshikilia. Cha pili tukasogeza miguu ya mbele ikawa chini ya jino kabisa, tukafupisha shingo ya jino, tukaweka kirafu cha kubeba bakuli chini yake, sentimita 18 toka kwenye jino. Kikatulia. Ila hakikunji, na bibi akakiangalia akauliza, "Sasa hii nitaitundika wapi?" Kweli, chake cha zamani kinakunjwa kinatundikwa kwenye msumari. Cha tatu kinakunjwa, miguu ya mkasi kama cha zamani, kirafu kinachomoka, tumetumia mbao nyepesi maana cha mninga alikuwa hawezi kukiinua, na jino tunachongesha kwa fundi wa vyuma jirani. Alikuna nazi mbili, hakusema kitu, akatundika msumarini. Cha zamani kampa jirani. Mpaka leo tumeuza kumi na moja, wanunuzi wote ni wajukuu.

Mengine kwa kifupi. Mimi bado mwanafunzi, sijasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwaiyo muhuri wa kupeleka manispaa sigongi na usimuamini mwanafunzi yeyote anayekwambia atagonga. Mimi nakuchorea mawazo, tunajadiliana mpaka uridhike, ukitaka kibali kazi inaenda kwa mbunifu aliyesajiliwa, ataikagua, atabadilisha anachoona hakiko sawa, na malipo yake ni yake. Nondo na msingi ni injinia. Kama kiwanja chako maji yanasimama wakati wa mvua niambie mapema, usisubiri nije kiangazi nikute pakavu.

Kuja kuona kiwanja ndani ya Dar ni elfu thelathini, ukiamua kufanya kazi nasi inakatwa kwenye bei ya mchoro. Pima kwa tepu, sio kwa hatua, hatua za mume wako na zako sio sawa. Nitumie video ya uani, video ya kiwanja ukiwa umesimama katikati unazunguka saa kumi na moja jioni nione jua liko wapi, na uniandikie nani wanaishi humo na nani huwa anakuja kukaa likizo. Picha ya Pinterest pia tuma, mwishoni.

Yule kaka wa Chanika alituma video yake baada ya kununa. Kumbe kiwanjani kuna mwembe, na chini yake mama yake mzazi kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anamenya mihogo, wanalima pale wakati wanasubiri kujenga. Kwenye mchoro wangu wa kwanza mwembe ulikuwa katikati ya chumba cha masta. Tumesogeza nyumba mita mbili na nusu kwenda mbele, uani umeuzunguka mti, mjomba anamtengenezea mama kiti. Bomba la moshi lipo, kakataa katakata kuliondoa, kwaiyo nimeliweka juu ya jiko la nje litolee moshi wa mkaa.

Karakana tupo Jumatatu mpaka Jumamosi, ukifika Keko uliza seremala wa mbuzi.