Malalamiko kuhusu padi iliyokufa wakati wa kusasishwa

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: PADI YA GEMU ISIYO NA WAYA ILIYOHARIBIWA NA PROGRAMU YENU YA KUSASISHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa simu hapa Machomanne, Chake Chake, Pemba, na ubavuni mwa karakana yangu nina chumba kidogo cha gemu. Padi zenu mbili nilizinunua katika duka moja la Darajani, Unguja, zikaletwa Pemba kwa boti pamoja na mzigo wangu wa vioo vya simu. Risiti ninayo na picha yake nimeiambatisha. Padi moja imekufa, na imekufa huku nikifuata maelekezo yenu hatua kwa hatua. Nataka nipatiwe nyengine au nipewe njia ya kuifufua. Nataka pia mjue kosa liko wapi, kwa sababu lisiporekebishwa litawakuta na wengine.

Padi yenyewe ni nzuri, na hilo nalisema kwa haki. Niliichagua kwa kuwa vijiti vyake vinatumia sensa za sumaku. Padi nyingi za bei ya chini ndani yake mna utando wa kaboni na ulimi wa chuma unaopita juu yake. Katika chumba cha gemu padi haipumziki tangu watoto watoke skuli hadi usiku, kwa hivyo utando ule hulika upesi, na mchezaji huanza kujiendea pembeni mwenyewe bila ya mtu kugusa kijiti. Nimefungua padi za namna hiyo mpaka nimezichoka. Zenu hazisuguani ndani, na vijana walikuwa wakizigombania.

Shida ilianza pale programu yenu ya simu ilipotoa ujumbe kwamba kuna toleo jipya la programu ya ndani ya padi, na kwamba nisipolipakia sitoweza kubadilisha mipangilio ya vitufe. Padi ilikuwa inafanya kazi barabara, na kama si ujumbe huo nisingeigusa. Lakini kuna kijana anayecheza kwangu ambaye mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Yeye nilimhamishia vitufe viwili vya mbele nikaviweka nyuma ya padi, akacheza na wenzake sawa kwa sawa, tena wengi wao anawafunga. Mlipoifunga mipangilio mlimfungia yeye mchezo, na mimi hamkuniachia hiari.

Maelekezo yenu yanasema kusasisha kunafanyika kwenye kompyuta ya Windows tu. Simu inaiona padi kwa Bluetooth, inaonyesha hata kiasi cha chaji kilichobaki, lakini kuisasisha haiwezi. Mimi laptopu ninayo kwa sababu ya kazi ya kuflashi simu, yaani kuzipakia upya programu ya ndani. Mteja wa kawaida wa hapa, mwenye simu yake na televisheni, angeipata wapi?

Nikachomeka waya uliokuja ndani ya boksi, kompyuta haikuona kitu. Nikabadilisha tundu la USB, bado. Nikaupima ule waya kwa mita, kisha nikauchana ganda kwa wembe ili nione kwa macho. Waya wa USB unaopitisha data huwa na nyaya nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Ndani ya wa kwenu mna nyekundu na nyeusi, basi. Huo ni waya wa kuchajia tu. Na ukurasa wa kwanza wa maelekezo yenu unaamuru mteja atumie waya uliokuja na padi! Picha ya waya huo uliochanwa nimeiambatisha, na naomba mtu wa kiwandani aitazame, si mtu wa kujibu barua pepe peke yake.

Nikachukua waya wangu wa data, na papo hapo kompyuta ikaiona padi. Chaji ya padi ilikuwa imejaa, ya laptopu pia. Nikabonyeza kusasisha, namba zikaanza kupanda. Zilipofika asilimia 62 umeme ukakatika.

Umeme kukatika si jambo geni Pemba. Tangu mwaka 2010 kisiwa hiki kinapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na hitilafu ikitokea njiani sisi tulio mwisho wa waya tunabaki kizani. Lakini hapa ndipo kitengo chenu kilipokosea kiliponijibu kwa barua pepe, kwa hivyo naomba msome pole pole. Laptopu haikuzimika, ilikuwa inatumia betri yake. Padi haikuzimika, nayo ina betri yake. Waya baina yao haukuguswa na mtu. Kilichozimika ni rauta ya intaneti peke yake. Sekunde chache baadaye ukatokea ujumbe mwekundu kwenye kioo cha laptopu, taa ya padi ikazimika, na hadi leo haijawaka.

Rauta kuzimika kunaiua vipi padi iliyounganishwa na kompyuta kwa waya? Nilikwenda kwenye folda ambamo programu yenu huhifadhi faili zake, nikakuta faili la toleo jipya ni nusu. Maana yake programu yenu haipakui faili lote kwanza ndipo ianze kuandika. Inapakua huku inaandika, na toleo la zamani imeshalifuta. Intaneti ikitetereka kidogo tu, padi inabaki haina la zamani wala jipya.

Huu si ufundi wa siku hizi. Android ilileta tangu toleo la 7.0, mwaka 2016, utaratibu wa kuigawa hifadhi ya simu pande mbili. Toleo jipya huandikwa upande wa pili huku la zamani likiendelea na kazi, na simu huhamia huko likishakamilika na kukaguliwa. Likikwama, mwenye simu anarudi alipokuwa. Najua padi haina nafasi kubwa kama simu. Hata hivyo kuna njia ndogo zaidi, ya kubakisha kipande cha programu ya kuwashia kisichofutwa kamwe, ambacho kazi yake ni kupokea faili upya pale mambo yanapokwenda mrama. Kama kipande hicho kimo katika padi yenu, basi hakuna pahala mlipoeleza namna ya kukifikia. Nimebonyeza kitundu cha nyuma kwa pini, nimeshikilia vitufe mnavyovitaja, na kompyuta inaniambia tu kwamba kimechomekwa kifaa kisichojulikana. Kwa fundi hiyo ni dalili kwamba chipu haijaungua. Padi inafufulika, ila ufunguo wake mnao nyinyi.

Nilipowaandikia kwa barua pepe, mlinijibu kwanza nihakikishe nina intaneti ya kasi isiyokatika. Kisha mkanitaka niipeleke padi kituo chenu cha Dubai kwa gharama zangu. Ndani ya padi mna betri ya lithiamu, na vifurushi vyenye betri hizo vina masharti yake kwenye ndege. Wakala wa vifurushi hapa alikikataa mara tu nilipomwambia kilichomo. Hata angekikubali, nauli ingekaribia bei ya padi mpya. Mwisho mkaniandikia kwamba dhamana haihusu uharibifu unaosababishwa na mtumiaji. Jibu hilo silikubali. Programu ni yenu, amri ya kusasisha ni yenu, hata waya usiofaa umetoka katika boksi lenu.

Kwangu mchezo mmoja ni shilingi 500, na padi ikipungua moja, mechi za watu wawili zinasimama. Hiyo ndiyo hasara yangu ya kila jioni.

Ninachokitaka kwanza ni padi nyengine, ipitie kwa muuzaji wenu wa Unguja ili nisibebeshwe nauli ya ng'ambo. Kama hilo ni zito, nitumieni faili kamili la toleo la zamani pamoja na mchoro wa ubao unaoonyesha pini za kuandikia, kazi iliyobaki nitaifanya mwenyewe hapa karakana. Programu ya kusasisha muibadilishe, ipakue faili zima na kulikagua kabla ya kufuta chochote ndani ya padi. Waya wa data utiwe ndani ya boksi.

Liko moja ambalo halihitaji kiwanda wala mzigo kusafiri: fungueni mipangilio ya vitufe kwa padi zenye toleo la zamani. Padi yangu ya pili bado ni nzima na siko tayari kuihatarisha kwa programu hii kama ilivyo sasa. Yule kijana anaitumia hivyo hivyo, vitufe vya mbele havifikii, na amri ya kumfungulia iko mikononi mwenu leo.

Nisipopata jibu linaloeleweka ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitaipeleka pamoja na vielelezo vyake Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Namba za utambulisho (serial) za padi zote mbili, risiti, picha ya waya na picha ya ujumbe wa kompyuta vimo katika viambatisho.

Wasalaam,

Mteja wenu,
Fundi wa simu na mwenye chumba cha gemu,
Machomanne, Chake Chake,
Pemba.