Barua ya wazi kwa binamu yangu aliye Marekani: bunduki iache, miguu uje nayo

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Nairobi. Sisi huku hatujambo, baridi kidogo tu asubuhi. Nisalimie shemeji na watoto.

Nakuandikia hadharani kwa sababu swali lako, kama mtu anaweza kuja Kenya kuwinda ndege, huulizwa na wengi wa nyumbani walioko ng'ambo, na jibu langu nataka lisomwe na wote.

Video zako za kuwinda ndege huko South Dakota nimezitazama na kuzirudia. Karavani nyuma ya pikapu, mbwa wamelala mlangoni wakiwa na matope hadi masikioni. Iliyonikaa moyoni zaidi ni ile ya yule mbwa wa kike. Anapita nyasini huku na huku, pua chini, mara anaganda: mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, mkia umenyooka, hatikisiki. Wewe unamsogelea polepole. Feasanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, anaruka kwa kishindo, mtu anapaza sauti kwamba ni jike, na hakuna anayefyatua. Sheria ya huko ni majogoo watatu kwa siku kwa kila mwindaji, majike hawaguswi. Nilifurahi kuona mnaifuata hata pale ambapo hakuna askari wa kuwaona.

Sasa unataka tufanye hivyo hapa Desemba: tukodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa, tutafute mbwa, tukawinde kwale na kanga. Safari nakubali. Kuwinda nakataa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inauhesabu kuwa kosa la jinai. Usimtafute mwenye shamba kubwa wa kufumba macho. Mimi sitakupeleka kwake. Mbwa nao hawaruhusiwi katika mbuga za taifa. Hapa mjini tungeweza kuwatembeza msitu wa Karura, wakiwa kwenye kamba, basi.

Ninakotaka twende ni Kinangop, uwanda wa juu wenye nyasi karibu na milima ya Aberdare. Tutoke Nairobi alfajiri, tupite Limuru, tusimame kidogo bwawa la Manguo kuangalia bata, kisha pale Flyover tukate kulia kuelekea Njabini. Juu huko, kwenye malisho ya wakulima, anaishi ndege mdogo ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Mgongo wake ni wa kahawia wenye michirizi, kifua cha manjano, kucha ndefu. Hapatikani nchi nyingine yoyote duniani, na yuko katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Anatembea chini, anataga chini, kwenye vishungi vya nyasi. Ukimkaribia huruka ghafla karibu na miguu yako, akionyesha weupe wa pembeni mwa mkia. Wewe uliyezoea kusoma nyasi utamwona kabla yangu.

Na nyasi ndizo zinazoisha. Mkulima wa Kinangop ana ekari chache na karo ya shule. Akilima viazi au kabichi anapata pesa. Akipanda mikaratusi anapata pesa. Akiacha vishungi visimame, anapata maziwa ya ng'ombe wawili na pongezi za wageni. Simlaumu hata kidogo.

Hapa ndipo ninapokuhitaji. Huko kwenu serikali ina mpango, tangu 1985, wa kumlipa mkulima malipo ya kila mwaka ili shamba lake libaki nyasi, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. Feasanti mnaowafuata wanategemea sana mashamba hayo. Tena, kila bunduki ya marisau na kila risasi unayonunua inatozwa kodi ya asilimia 11, ambayo kwa sheria ya 1937 hupelekwa kuhifadhi wanyamapori. Mwindaji wa huko anajua kwamba ndege ni nyasi, na nyasi zina gharama. Watalii wetu wengi hulipa mbugani kuona simba, wakapita Kinangop vioo vimefungwa. Makao makuu ya ndege huyu si mbuga ya taifa. Ni hasa mashamba ya watu.

Kwa hiyo pesa ambazo ungelipia leseni na risasi, tuzilipe kwa wenye malisho. Tuombe ruhusa langoni, tulale kwenye hema uani kwa mtu, tununue maziwa na viazi vyake, tumwajiri kijana wa hapo atuongoze, na tumwambie mwenye shamba waziwazi kwamba tumekuja kwa sababu hajalima kipande kile. Mbwa tusiende nao kabisa: kondoo ni wengi, na viota viko chini.

Njoo na darubini nzuri, buti zisizopitisha maji na jaketi zito. Kinangop usiku ni baridi kali. Nijibu mapema tarehe zako, kwa maana Desemba magari ya kukodi huadimika na bei hupanda.

Wako,
Binamu yako wa Nairobi