Shukrani kwa fundi asiyetaka kutajwa jina

Kaka yangu, umeniomba nisikutaje na nimekubali, ila kunyamaza siwezi. Baridi ya hapa Maine unaijua. Pampu ya joto, mashine inayopasha nyumba, ilikuwa ikipuliza hewa baridi tu, mashine ya nje kimya, na fundi wa kwanza alishatuambia kompresa, yaani moyo wa mashine, imekufa, tununue nyingine. Mama alishinda amejifunika mablanketi.

Wewe hukukimbilia kompresa. Ulifungua kisanduku cha swichi kilicho ukutani nje, ukachomoa kikatizi, kile kipande kinachokata umeme wa mashine, ukatoa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Huku Marekani mashine hizi hutumia volti 240, zinazotokana na nyaya mbili zenye volti 120 kila mmoja. Ukapima pale kila waya unapofungwa: upande mmoja 120, wa pili sifuri! Yaani umeme wa waya mmoja haukuwa ukifika. Ukazima breka, swichi kuu ya umeme wa mashine hiyo iliyo ndani ya nyumba, ukapima tena kuhakikisha hakuna umeme, ndipo ukagusa. Skrubu ilikuwa imelegea, na plastiki ya waya imeyeyuka, nyeusi tii. Ukakata palipoungua, ukafunga kisanduku kipya, huku ukinieleza kila hatua kwa Kiswahili.

Pesa ukakataa katakata. Mungu akuzidishie, wewe na watoto wako. Mama anauliza utakuja lini kula.