Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji wa Kaunti ya Mombasa: tangi letu liko Chyulu

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu, nakuandikia kuhusu maji, lakini sikuletei malalamiko ya mifereji mikavu. Hayo unayasikia kila uchao, kuanzia Kisauni hadi Likoni, na nadhani yameshakuchosha. Nataka tuzungumze kuhusu volkeno.

Sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Hutufikia kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950. Hayo ofisi yako inayajua kuliko mimi. Ambalo ni nadra kulisikia hapa mjini ni swali linalofuata: Mzima nayo huyapata wapi? Tsavo ni nyika kavu, na mito yake mingi hukauka kiangazi. Mzima haikauki.

Maji yale hutoka Milima ya Chyulu, safu ya kilomita 100 hivi iliyo kaskazini-magharibi ya chemchemi, na safu hiyo yote imejengwa na moto. Chini sana ardhini mwamba una joto kali, ila uzito ulio juu yake huuzuia usiyeyuke. Mwamba huo ukipanda kuja juu, uzito hupungua, na sehemu yake huyeyuka ikawa magma. Magma ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka, kwa hiyo hupenya kwenye nyufa ikielekea juu, na gesi iliyofungika ndani yake huanza kutoka. Ikiwa magma ni ya kunata, gesi hukosa njia hadi mlima upasuke. Ya Chyulu ilikuwa ya majimaji, ya basalti, mwamba mweusi wa volkeno: gesi iliirusha juu vipande vipande, vikaanguka kandokando ya tundu na kurundikana kuwa vilima vya kokoto nyeusi, huku lava, yaani magma iliyokwisha kutoka nje, ikitiririka bondeni. Kilimanjaro, jirani yake, ilijirundika mahali pamoja hadi ikafika mita 5,895. Chyulu ilitokea kwenye matundu mamia.

Na hapo ndipo Mombasa inapoingia. Kokoto zile zina mianya tele. Lava nayo ikipoa hupasuka nyufa. Tena mto wa lava hushika utando juu kama uji uliotulia, chini yake ukaendelea kukimbia, na ukiisha kupita huacha pango refu. Pango la Leviathan huko Chyulu lina zaidi ya kilomita 11. Kwa hiyo mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa kileleni havipati nafasi ya kuwa mto. Juu ya milima ile hakuna mto wa kudumu hata mmoja. Maji huzama yote, yakachujwa polepole, hadi yanapofikia miamba ya kale iliyo migumu isiyopitisha maji. Hapo huteleza chini kwa chini kufuata mteremko, yakaibuka Mzima, maangavu kiasi cha kuwaona samaki na viboko wakipita chini ya maji.

Mheshimiwa, hilo ni bwawa ambalo hatukulijenga. Jua haliyakaushi maji yake na tope haliyajazi. Lakini lina mdomo mmoja tu, nao ni ule msitu na nyasi za juu. Moto ukiteketeza msitu, wakata mkaa wakiumaliza, anayetegemea mkokoteni wa maji kule Majengo hatajua kisa kilianzia wapi. Ataona bei ya mtungi imepanda tu.

Najua utaniambia Chyulu haiko katika kaunti yako. Ni kweli, na Mzima haiko pia. Iko Taita Taveta, ambako ndugu zetu wamekuwa wakidai kwa miaka mingi sehemu ya fedha za maji yale. Mimi nawaunga mkono, ingawa wenzangu hapa barazani hawapendi kunisikia nikisema hivyo.

Kwa wanaodhani hadithi ya volkeno ni ya enzi za kale: ule uwanja wa lava nyeusi unaoitwa Shetani, karibu na lango la Chyulu la Tsavo Magharibi, unakadiriwa kumwagika katikati ya karne ya 19. Fort Jesus ilikuwa imeshatimiza miaka zaidi ya 250. Sisemi kesho kutalipuka, lakini wanajiolojia hawaihesabu Chyulu kuwa mfu.

Wengi wetu tuna jamaa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, basi tuwaulize wao. Kisiwa kizima ni volkeno, mvua hunyesha kwa wingi, na mwamba huimeza. Mito ya kudumu hawana. Watu wengi hukinga maji ya mvua kwenye matangi ya nyumbani. Karthala, volkeno ya huko, ilipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia katika matangi hayo na kuyaharibu maji ya kunywa. Volkeno iliyotupa sisi Mzima ni ya jamii ile ile. Tofauti ni kwamba sisi maji yetu hujitokeza mahali pa kuyatekea.

Ombi langu basi. Kila inapopangwa bajeti ya maji, tengeni fungu la kulinda msitu wa Chyulu, lipitie kwa watu wanaoishi chini ya milima ile, Wamaasai, Wakamba na Wataita, maana wao ndio huuona moto wa msitu ukianza. Keti na wenzako wa Makueni, Kajiado na Taita Taveta kabla bomba la pili la Mzima, linalotajwa kila msimu wa siasa, halijarudi mezani. Na mkutano huo msiufanyie hotelini Nyali. Ufanyieni Mtito Andei, mpande mkaione ardhi yenyewe.

Wako katika ujenzi wa mji,

Mwalimu mstaafu wa jiografia, Mombasa